Mafuta na Kondomu Havipatani

  Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya kondomu, na hasa juu ya kile kinachopakwa ili kondomu isikwaruze. Najua wengine huona haya kuyasikia mambo haya redioni. Lakini haya haizuii ugonjwa wala mimba. Sogeza kiti, tusikilizane.

Liko swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki, mtoto akishapimwa uzani na wenzake mama wakishatoka nje. Mama huniambia kwa sauti ya chini: "Sista, sisi tunatumia kondomu lakini inapasuka. Hizi za bure ni mbovu?" Nami humwuliza: "Mnapaka nini?" Jibu huwa ni Vaseline, au losheni, au mafuta ya mtoto, au hata mafuta ya kupikia. Basi hapo mara nyingi ndipo shida ilipo. Kondomu ilikuwa nzima, mafuta yakaiharibu.

Kwa nini? Kondomu nyingi za kiume hutengenezwa kwa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira. Mafuta hudhoofisha mpira huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba lateksi ikiguswa na mafuta ya madini kwa dakika moja tu, hupoteza takriban asilimia 90 ya nguvu zake. Mafuta ya mtoto mengi hutengenezwa kwa mafuta hayo hayo. Na usidanganyike na losheni. Huoshwa kwa maji, lakini ndani yake mna mafuta. Vivyo hivyo siagi, samli na mafuta ya nazi. Kwa ngozi ni mazuri, kwa kondomu ya lateksi ni adui.

Sasa pengine utauliza, kwani ni lazima kupaka kitu? Mama aliyejifungua hivi karibuni na ananyonyesha analijua jibu. Wakati wa kunyonyesha, homoni ya estrojeni hupungua mwilini, na njia ya uzazi huwa kavu. Si kwamba humpendi baba watoto, wala si kwamba umerogwa. Ni mwili unavyofanya kazi. Mama aliyekoma hedhi naye hupatwa na ukavu huo. Pakiwa pakavu, mama huumia, hupata michubuko, na kondomu hukwaruzwa mpaka ikapasuka. Ndipo mkono unapokimbilia kopo la mafuta lililo karibu na kitanda.

Akina mama, hapa tusikilizane vizuri. Ulipimwa virusi vya UKIMWI ukiwa mjamzito, ukaambiwa huna. Umejifungua salama, mtoto ananyonya. Lakini ukiambukizwa wakati huu wa kunyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini katika wiki za mwanzo, na huingia katika maziwa. Wewe hujui, mtoto ananyonya. Ndiyo sababu muuguzi hukuambia urudi kupimwa tena wakati bado unanyonyesha. Usimwachishe mtoto titi kwa hofu. Nenda ukapimwe, na ikiwezekana uende na baba watoto. Mpaka mjue hali zenu, kondomu humlinda mama, na humlinda mtoto pia.

Kondomu ikitumiwa kila mara na ipasavyo hupunguza sana hatari ya kuambukizwa virusi. Hukinga pia kisonono na magonjwa mengine ya zinaa. Na kuhusu mimba, wanawake 100 wakitegemea kondomu ya kiume mwaka mzima bila kosa, watakaopata mimba ni kama 2. Wakiitumia leo na kesho wakaiacha, kama wengi wanavyofanya, hufika kama 13. Mnajua wenyewe, mimba huweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi.

Tutumie nini basi badala ya mafuta? Tumia kilainishi cha maji. Ni jeli iliyo katika tyubu au pakiti ndogo, nayo hupatikana kwenye maduka ya dawa. Katika baadhi ya vituo vya afya hutolewa bure pamoja na kondomu, kwa hiyo uliza. Kwenye pakiti tafuta maneno "water-based". Kilainishi cha silikoni nacho hakiharibu lateksi, ila bei yake huwa juu. Lakini ukiona pakiti imeandikwa nonoxynol-9, iache. Hiyo ni dawa ya kuua mbegu za kiume, na ikitumiwa mara kwa mara huchubua ndani na kurahisisha virusi kupenya. Mate nayo hukauka upesi, usiyategemee.

Nasema tena juu ya jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Dawa nyingi za fangasi za kuweka ukeni, krimu na vidonge, huweza kudhoofisha lateksi. Ukiwa kwenye matibabu hayo, na siku chache baada ya kumaliza, usiitegemee kondomu ya lateksi. Mwulize muuguzi anayekupa dawa hiyo. Na wale wanaojikausha kwa ndimu, sabuni au dawa za kienyeji ili kumfurahisha mume, nawaomba waache. Mnajitia vidonda, na kidonda ni mlango wa virusi.

Haya, jinsi ya kutumia. Kwanza tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti. Ibonyeze, uhisi kama ina hewa ndani. Ikiwa haina, itupe. Ifungue kwa vidole, si kwa meno wala makasi. Bana ncha ya kondomu ili hewa itoke, kisha uiteremshe mpaka mwisho, uume ukiwa umesimama. Halafu paka kilainishi kwa nje, na kwa mama pia. Kwa ndani tone moja dogo kwenye ncha linatosha. Ukizidisha ndani, kondomu itateleza na kutoka. Kukianza kukauka, ongeza. Baba akimaliza, ashike ukingo wa kondomu na kutoka kabla hajalegea. Ifunge, uizungushie karatasi, uitupe kwenye choo cha shimo, watoto wasiiokote wakadhani ni puto. Kondomu moja ni ya tendo moja tu. Na usivae mbili pamoja, husuguana na kupasuka.

Kondomu ya kike inayotengenezwa kwa nitrile haidhuriwi na mafuta kama lateksi. Huweza kuvaliwa hata saa kadhaa kabla, bila kumngoja baba. Lakini usiitumie pamoja na ya kiume.

Najua wengine mnasema, "Sista, nikitaja kondomu nyumbani kutakuwa na vita. Ataniuliza nimekuwa na nani." Usilianze jambo hili usiku taa ikishazimwa. Tafuta saa ya utulivu, labda mtoto akiwa mikononi mwake. Mwambie, "Baba watoto, kliniki wamesema mtoto huyu anahitaji tupumzike kabla ya mwingine, na nisiumie. Wamenipa kondomu na jeli yake." Mengi ya magomvi hutoka kwenye maumivu. Baba akiona kwamba jeli inaondoa ukavu, hata yeye huona raha. Akikataa kabisa, rudi kwetu. Ziko njia nyingine za kupanga uzazi, na ziko dawa za kumeza kabla za kujikinga na virusi, ziitwazo PrEP. Na mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Akikutisha au kukupiga, usinyamaze. Mwambie muuguzi.

Je, kondomu ikipasuka? Usijioshe ndani kwa sabuni. Nenda kituo cha afya mara moja. Dawa za dharura za kuzuia virusi, ziitwazo PEP, lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo humezwa kabla ya siku 5 kwisha, na vinafaa zaidi vikimezwa mapema.

Neno la mwisho ni kwenu mnaolea vijana, nyanya na shangazi. Kijana hatakuuliza mambo haya. Atamwuliza mwenzake, naye mwenzake atamwambia Vaseline inatosha. Kumweleza si kumtuma. Mwambie asubiri, na umwambie pia ukweli huu, ili siku moja asije akajikuta na kinga iliyopasuka. Msichana naye aujue, asiuache mikononi mwa mvulana.

Basi tukumbuke: kondomu kila mara, kilainishi cha maji, mafuta yabaki kwenye ngozi na jikoni. Ziweke kondomu mahali penye baridi, si chini ya mabati yanayochomwa na jua, wala ndani ya waleti inayokaliwa kutwa. Ukija kliniki wiki hii, uliza jeli bila kuona haya. Sisi wauguzi tumezoea, na tunafurahi unapouliza.

 Mwambie na jirani aliyekikosa kipindi hiki.