Maziwa yanatosha?

Hapa Xiaobei wengi wetu tunakaa arobaini bila mama wala shangazi. Mtoto akilia usiku jirani anagonga ukuta, na asubuhi baba anatumwa kununua kopo la maziwa ya unga.

Subirini kwanza. Kilio si kipimo, tazama nepi: kuanzia siku ya 5, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Kabla ya hapo hutoka dang'a kidogo tu, nayo humtosha. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12, usiku na mchana. Maziwa huja kwa kunyonywa, na kila chupa unayompa hupunguza. Miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki, wanayopikiwa waliojifungua hapa Guangdong, si dawa ya lazima. Kula ulichozoea, ushibe.

Chuchu ikichanika, mara nyingi mtoto ameshika ncha tu. Mtoe kwa kidole, umpe upya pamoja na sehemu nyeusi. Titi likiwa jekundu, linauma na una homa, endelea kunyonyesha, ila nenda hospitali siku hiyohiyo. Mtoto akilegea na hakojoi, pigeni 120.