Mwanafunzi na Kukaa Kitako

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Sisi wa Kitete, hapa Tabora, tu majirani wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, nasi twajua kwamba shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya wazee na matajiri peke yao. Leo twataka kusema na wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wazazi wao, juu ya jambo linaloyafungulia mlango maradhi hayo, nalo ni kukaa kitako mchana kutwa.

Mwanafunzi hukaa darasani, hukaa maktaba, hukaa na simu mpaka usiku wa manane, na safari yake fupi huikaa juu ya bodaboda. Ukimwuliza, hujibu kwamba elimu haipatikani kwa kuzurura. Wapo pia waonao haya kutembea, wakidhani kwamba aendaye kwa miguu ni yule aliyekosa nauli. Fikira hii ndiyo itutiayo huzuni zaidi, hasa ikisikika Tabora.

Mji huu ulikuzwa na miguu. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walitoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, kilometa 800 hivi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani. Waliondoka alfajiri, wakatua jua lilipokuwa kali. Hatuitukuzi njia ile, kwani humo humo walipitishwa watu katika minyororo, na dhuluma hiyo haisahauliki. Lakini mpagazi huru, aliyekwenda kwa ujira wake, aliionea fahari safari hiyo, na kijana asiyewahi kuiona pwani hakuhesabiwa bado kuwa mwanamume kamili. Leo mjukuu wake aona aibu kwenda kwa miguu mpaka chuoni!

Madhara ya kukaa yamechunguzwa zamani. Mwaka 1953 tabibu Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa usukani. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, wapunguze kukaa, na yule ambaye kazi yake ni ya kukaa azidishe mwendo.

Hapo mwanafunzi mwenye dini atauliza: Je, Sala tano hazitoshi? Ndugu yetu, Sala ni ibada. Hatusimami mbele ya Mola wetu kwa nia ya kunyoosha viungo. Hata hivyo nyakati zake humwinua mtu kitini, na njia ya msikitini ina fadhila yake. Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), aliwaambia wabaki makwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Atandikaye mswala kando ya kitanda, kisha akairudia simu, faradhi ameitimiza, lakini hatua hizo hakuzipata.

Nanyi akina baba mnaodhani kwamba mwendo ni wa wavulana tu, kumbukeni kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), naye akamshinda, baadaye walipokimbia tena, Mtume alishinda. Binti wa chuo apewe nafasi ya staha ya kutembea na wenzake baada ya Alasiri. Kumwambia kila siku "tulia usome" si malezi yaliyotimia.

Kwa wiki hii twawaomba wanafunzi wasimame kila wamalizapo sura moja ya kitabu, na bodaboda waiachie safari ya mbali. Na mama, chai ya mwanao usimpelekee mezani anaposoma. Mwite aje aichukue jikoni.

Wabillahi tawfiq.