Dawa za TB, Ini na Mitishamba

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la afya)



Mada ya leo ni ini. Dawa nyingi zinazomezwa huvunjwavunjwa humo, na baadhi huliumiza. Parasetamoli inayouzwa kila duka haifai kuzidi tembe nane za miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima. Ikizidishwa sana, ini laweza kuharibika kwa siku chache. Dawa tatu kati ya nne za kifua kikuu, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, pia zaweza kuliumiza, ingawa wagonjwa wengi humaliza miezi sita salama.

Ndipo jirani humshauri mgonjwa wa TB: "Chemsha mwarobaini usafishe ini." Ushauri huo haukuanguka kutoka mbinguni. Watafiti wamewapa panya dawa za TB pamoja na dawa iliyokamuliwa kutoka majani ya mwarobaini au ya mlonge, na maini ya panya hao yakaumia kidogo kuliko ya wale waliopewa dawa za TB pekee.

Lakini panya si binadamu, na sufuria ya nyumbani haina kipimo cha maabara. Hata silimarini, inayotokana na mbegu za mbigili wa Ulaya na kusifiwa sana kwa kulinda ini, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa TB matokeo hayakulingana: utafiti mmoja uliona nafuu, mwingine haukuiona. Na mwarobaini huo huo una upande wa pili. Nchini Malaysia, watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake waliugua vibaya, maini yao yakiwemo.

Hatari kubwa ni kuficha. Ini likianza kuumia na daktari hajui kuwa mgonjwa anakunywa mitishamba, hawezi kujua alaumu kipi. Hatari nyingine ni kuacha tembe na kubaki na majani. Majani hayaponyi TB, na dawa zikikatizwa, vijidudu huweza kuwa sugu.

Mkojo wa rangi ya machungwa usimtishe mtu; hiyo ni rangi ya rifampisini. Dalili za kutisha ni hizi: macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kutapika kusikoisha, kukosa kabisa hamu ya chakula, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, akibeba dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji. Mhudumu ndiye atakayeamua kama zisimamishwe. Mara nyingi zikisimamishwa, baadaye hurudishwa moja moja chini ya uangalizi, na mgonjwa hupona.

Wakati wa matibabu, pombe iachwe kabisa. Anayetaka kutumia mti wowote aulize kwanza. Hakuna atakayefukuzwa wala kukemewa kwa kusema anachokunywa. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kinachohitajika ni kuzimaliza, na kusema ukweli.