Kabla ya Kumlaumu Jirani, Tazama Majana
(Maneno ya mwanachama mfuga nyuki siku ya sherehe ya miaka kumi)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya nyuki. Nitasema yaliyonipata mwenyewe, maana mkopo nilionunulia mizinga ulitoka kwenye sanduku letu la funguo tatu.

Mzinga wangu mmoja ulianza kunyong'onyea. Nyuki wamo, lakini wanapungua, na asali haiongezeki. Marejesho ndiyo hayo yanakaribia! Nikasema moyoni, huu ni mkono wa mtu. Tena jina nilikuwa nalo, mwenzetu wa humu humu chamani. Namshukuru Mungu sikulitamka.

Mama mmoja mzaliwa wa Inyonga, ambako kufuga nyuki ni kazi ya tangu mababu, akaniuliza, "Mdogo wangu, umetazama majana?" Jioni tukavaa, tukawasha bomba la moshi, tukafungua. Majana ya nyuki wafanyakazi hufunikwa bapa, yakakaa pamoja. Yale yalivimba kama vichwa vya risasi, yametawanyika ovyo. Kitundu kimoja kina mayai mawili, kingine matatu, yamebandikwa ukutani. Malkia hutaga yai moja tu, chini kabisa.

Basi tukajua: malkia hayupo, wafanyakazi wametaga wenyewe. Mfanyakazi hajapandwa, kwa kawaida mayai yake hutoa madume, na dume haleti chakula. Mzinga unazeeka bila vijana wa kazi.

Dawa ni hii. Toa sega kwenye mzinga wenye nguvu, lenye mayai na majana machanga yasiyofunikwa. Wapanguse nyuki wake, ulitie kwenye mzinga mgonjwa. Rudia kila juma, mara mbili tatu. Majana hayo huwatuliza wafanyakazi waache kutaga, nao hulea malkia mpya. Tangu yai hadi malkia kutoka ni siku 16 hivi, kisha kama majuma mawili aruke, apandwe, aanze kutaga. Ukishaona kikonyo cha malkia, usifunguefungue mzinga! Wakikataa kabisa, waunganishe na kundi lenye malkia. Wangu walikubali mara ya tatu.

Na wakati wa kurina, akina mama, majana si asali. Sega lenye majana liache ndani. Ukilikamua pamoja, asali inachacha na mnunuzi anaikataa, halafu umeua wafanyakazi wa kesho.

Marejesho nilichelewa mwezi mmoja, nikalipa na faini yake. Yule niliyemshuku ndiye aliyekuwa mdhamini wangu. Mwezi ule wote alibanwa kwa ajili yangu, wala hakuninung'unikia. Leo namwomba radhi mbele yenu, ingawa hakujua.

Tukifungua mzinga kabla ya kufungua midomo, chama kitafika miaka ishirini.