Zahanati ndogo isimame vipi?

(Mada iliyotolewa kwa wamiliki na watumishi wa zahanati binafsi za Kibondo na Kasulu)



Nimeombwa nijibu swali moja: je, zahanati ya mtu binafsi bado ina nafasi, wakati hospitali kubwa zinapanuka na mgonjwa anaweza kumpata daktari kwa simu?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1991. Zahanati zetu bado ni changa, na nyingi zinamtegemea mtu mmoja. Huyo akiugua au akifilisika, zahanati inafungwa, na mama mwenye mtoto wa degedege anahangaika usiku kutafuta usafiri wa kwenda Kabanga au Kibondo mjini.

Jambo la kwanza ni fedha. Dawa unanunua kwa taslimu, lakini malipo ya bima yanakuja baadaye, na fomu yenye kosa hurudishwa. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake kwa kupinga bei. Hospitali kubwa ina sauti na akiba. Mwenye vitanda viwili hana. Tena, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima, hivyo tujiandae kupokea wagonjwa wengi wa kadi. Fedha ya zahanati isichanganywe na ya nyumbani. Madai yakaguliwe kila wiki. Iwepo akiba ya kununulia dawa wakati malipo yanasubiriwa.

Jambo la pili ni simu. Simu si adui yetu, lakini malaria haipimwi kwa sauti. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu, na pumzi za mtoto zinahesabiwa na mtu aliye karibu naye. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mpigie daktari aliye mbali kabla ya kutoa rufaa, andika ushauri wake kwenye jalada, na ukumbuke kuwa dhamana ya mgonjwa aliye mbele yako ni yako. Picha za wagonjwa zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari zao.

Jambo la tatu ni ushirikiano. Kidole kimoja hakivunji chawa. Zahanati tatu au nne zinaweza kuagiza dawa pamoja, kumwajiri mhasibu mmoja na kuazimana watumishi, kila mmoja akabaki na usajili wake. Akija tajiri kutaka kununua, usitazame bei peke yake. Muulize: Huduma ya usiku itaendelea? Mkulima asiye na kitu hadi avune maharage atatibiwa kwa mkopo? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Ndugu zangu, nafasi yetu ipo, lakini si kwa kila mtu kujifungia peke yake. Kabla hatujatawanyika, kila mmoja amtaje jirani atakayeagiza naye dawa mwezi ujao.