PIPA LA NJIANI NA FEDHA YA UMMA
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi



Jioni hii tumekuja kusema habari ya taka. Tunajua wako watakaocheka, waseme Chama kimekosa maneno sasa kimeingia jalalani. Na wacheke. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka katika mji huu wa Dar es Salaam hakuna aliyecheka. Mwaka huo huo sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilifutwa kwa amri ya Rais Magufuli, na nchi nzima ikaambiwa ishike mafagio. Mji uliofika mahali pa kuahirisha gwaride ili uzoe taka hauna haki ya kuyaita mambo haya madogo.

Hoja iliyo mbele yetu ni hii. Yapo maneno yanayosemwa mitaani, na wengine wanayasema kwa nia njema kabisa, kwamba mtindo wa gari au guta kupita nyumba kwa nyumba unakula fedha nyingi. Ati afadhali yawekwe mapipa makubwa ya chuma kando ya njia, moja kwa nyumba kadhaa, kila familia ipeleke taka yake, kisha gari lije linyanyue pipa moja badala ya kusimama mbele ya milango mia mbili. Fedha itakayookolewa itajenga zahanati au kuziba mashimo ya barabara.

Tusiidharau hoja hiyo. Gari linalosimama kila hatua ishirini linakunywa mafuta bure, linachosha injini, na linamaliza siku nzima katika mtaa mmoja. Gari linalonyanyua mapipa sita na kuondoka hufanya kazi yake mapema. Mwenye kusema hivyo hasemi uwongo. Lakini tumuulize swali ambalo kila mwenye duka hujiuliza: fedha hiyo imeokolewa, au amebadilishwa tu mtu wa kuilipa?

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tupige hesabu pamoja. Mtaa una nyumba 200. Pipa liko mwendo wa dakika tano, kwenda na kurudi dakika kumi. Kila nyumba inapeleka taka mara tatu kwa wiki, maana katika joto letu maganda ya ndizi na matumbo ya samaki hayangoji Jumamosi. Dakika 10 mara 3 mara 200 ni dakika 6,000. Hizo ni saa 100 kila wiki. Sasa waajirini vijana wawili wenye mkokoteni, wafanye kazi saa nane kwa siku, siku sita. Ni saa 96. Ndiyo kusema kazi ambayo vijana wawili wangeifanya kwa mshahara tutakuwa tumeigawa kwa watu 200 waifanye bila malipo, halafu katika daftari tunaandika: akiba.

Na hao 200 ni nani? Mzee wa nyumba hatabeba ndoo ya taka, mnajua. Atabeba mama akitoka kuchota maji, au binti kabla hajavaa sare ya shule. Bibi anayeishi peke yake na magoti yake yameshakataa, yeye atamlipa mtoto wa jirani shilingi mia mbili kila safari. Basi huyo ndiye aliyelipa zahanati yenu. Yule mwenye gari la kutembelea ataweka mfuko wake nyuma ya gari akipita kwenda kazini. Kodi ya namna hii haikupitishwa na baraza lolote, na inamkaba mnyonge kuliko mwenye nacho.

Tena tuangalie hesabu ya gari lenyewe. Safari ya taka ina vipande viwili. Cha kwanza ni kuzoa mitaani, na cha pili ni kuchukua shehena mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, na aliyewahi kukaa katika foleni ya Barabara ya Nyerere anajua maana ya kipande hicho cha pili. Pipa la njiani linapunguza gharama ya kipande cha kwanza tu. Cha pili kiko pale pale, kwa sababu taka hazipungui kwa kubadilisha chombo. Pengine zitaongezeka uzito. Pipa likikaa wazi wakati wa masika linajaa maji, na kila lori linalokwenda Pugu na maji ya mvua tumbo tele, mafuta yake tumeyalipa sisi.

Liko jambo jingine ambalo wasimamizi wa hesabu hawalipendi. Kapu la nyumba lina mwenyewe. Mzoaji akipita anajua hili la nani, amelipa au hakulipa, ametoa ndoo moja au magunia manne. Pipa la njiani halijui mtu. Usiku mwenye hoteli atakuja na magunia yake ya makaa na mabaki ya jikoni. Fundi magari ataleta makopo ya oili. Anayejenga atamwaga kifusi. Hao walipaswa kulipa ada kubwa kuliko ya nyumba ya vyumba viwili, kwa kuwa wanazalisha taka kwa biashara. Wakimwaga katika pipa la wote, gharama ya biashara yao inakuwa gharama ya umma, na pipa lililopimwa kwa nyumba 30 limejaa kabla nyumba 10 hazijafika. Anayekuja wa kumi na moja ataweka chini. Mbwa na kunguru watafanya yaliyobaki.

Na pipa lenyewe litawekwa mlangoni kwa nani? Kila mtu analitaka karibu, hakuna anayelitaka kwake. Katika mabishano ya namna hiyo tunamjua anayeshindwa. Litakwenda kwenye ukuta wa shule, au kando ya genge la mama muuza vitumbua, au mbele ya mpangaji ambaye hana wa kumsemea. Mji huu wakati wa ukoloni uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma za mji zikafuata mgawanyo huo. Mpaka leo hatujasikia mtu akipendekeza wakazi wa Masaki watembee na ndoo za taka mikononi kwenda kutafuta pipa.

Wananchi wa mji huu si wageni wa kudai haki katika jambo hili. Katika kesi ya mwaka 1988 watu wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa ajili ya moshi na uvundo wa dampo lililokuwa kwao, wakapata amri ya kulizuia. Halmashauri iliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa, akakumbusha kwamba Katiba katika ibara ya 14 inampa mtu haki ya kuishi. Mwaka 1991 watu wa Kunduchi Mtongani nao walikwenda Mahakamani kwa jambo la namna hiyo hiyo, nao wakashinda. Watu hao hawakuomba hisani.

Sasa twende Misri, maana wenzetu wa Kairo wameshapita njia hii na gharama yake inajulikana. Tangu miaka ya 1940 watu maskini waliotoka Misri ya Juu, wengi wao Wakristo wa Kikopti, walikuwa wakizoa taka za Kairo. Wanaitwa Zabbaleen. Walipanda ngazi za majumba, wakachukua taka mlangoni kwa ada ndogo, wakazipeleka kwao Mokattam. Huko familia nzima ilichambua: karatasi upande huu, chupa upande huu, mabati, plastiki, nguo kuukuu. Mabaki ya chakula walilisha nguruwe. Kwa makadirio yanayotajwa na wengi waliochunguza kazi yao, walikuwa wakitumia tena kiasi cha asilimia 80 ya walichokizoa. Serikali haikuwanunulia hata punda.

Mwaka 2003 wakubwa wa mji walitaka usasa. Wakaleta makampuni kutoka Hispania na Italia kwa mikataba ya miaka 15. Makampuni yakaja na malori makubwa na yakaweka mapipa njiani. Ada ikatiwa ndani ya bili ya umeme, ili mtu asipate pa kukimbilia. Nini kikatokea? Malori hayakuweza kuingia katika vichochoro. Mapipa yakaibwa. Watu waliozoea kuhudumiwa mlangoni hawakutaka kuteremka ghorofa tano na ndoo, basi wengi wakaendelea kumlipa Zabbaleen wao kimya kimya, huku bili ya umeme nayo ikiwadai. Walilipa mara mbili kwa taka moja. Na mikataba ile iliyataka makampuni yatumie tena asilimia 20 tu ya taka. Zilizobaki zikafukiwe, na kufukia ni gharama.

Kisha mwaka 2009, katika hofu ya mafua ya nguruwe, Serikali ya huko iliamuru nguruwe wote wachinjwe, kiasi cha 300,000. Baada ya hapo mabaki ya chakula yakakosa wa kuyala, na njia za Kairo zikanuka kiasi cha kuandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Tunayataja haya kwa urefu kwa sababu hakuna aliyeweza kusema Kairo ilikosa fedha. Fedha ilitolewa, na nyingi. Ilichovunja Kairo ni mnyororo wa watu walioijua kazi.

Wako watakaosema, mbona Ulaya mapipa ya njiani yapo na yanafaa? Yapo, na katika miji mingine yamefukiwa chini ya ardhi kwa ufundi mzuri. Lakini Paris yenyewe ilianzia mlangoni. Mwaka 1883 mkuu wa mji, Eugène Poubelle, aliamuru kila mwenye nyumba aweke vyombo vyenye vifuniko kwa wapangaji wake. Wenye nyumba walimchukia, na kwa kumkomoa wakakiita chombo hicho kwa jina lake. Leo Mfaransa akitaka kusema pipa la taka husema *poubelle*, na wale waliomdhihaki hakuna anayewakumbuka majina. Huko Taipei nako wana mtindo wa tatu: gari hupita kwa saa maalumu likipiga muziki, watu hutoka na mifuko, taka hutoka mkononi kuingia garini bila kugusa chini. Mtindo huo unafanana na honi ya gari letu la taka, tofauti ni kwamba lao linafika saa iliyotangazwa.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Hatuwezi kutetea gari la mlangoni lisilokuja. Mwaka 1994 Jiji lilipompa mkandarasi binafsi kata 10 za katikati ya mji, tabu kubwa ilikuwa watu kutolipa. Na mtu akiulizwa kwa nini halipi, anasema kwa nini alipe na taka ziko pale pale. Mkandarasi naye anasema hana mafuta kwa kuwa hawakulipa. Mabishano hayo yana umri wa miaka zaidi ya 30 sasa, na pipa la njiani ni njia ya kuyakimbia, maana likijaa halina wa kumlaumu.

Hatusemi pipa kubwa halina mahali pake. Sokoni linafaa, stendi ya mabasi linafaa, lakini limwagwe kila siku na lisimamiwe na mtu anayelipwa. Katika mitaa yetu ya vichochoro ambamo lori haliingii, tunataka vijana wenye mikokoteni wapite milangoni, wapeleke taka kwenye kituo kimoja chenye uzio na mlinzi, na lori kubwa lichukue hapo kwenda Pugu likiwa limejaa barabara. Pia tunataka maganda yatengwe na mengineyo. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni vitu vya jikoni vinavyooza. Hizo zikigeuzwa mbolea karibu na nyumbani, kile kipande cha pili cha safari, ambacho pipa la njiani halikigusi, kitapungua. Kata ya Bonyokwa hapa hapa Dar es Salaam wako wazoaji waliojiunga katika ushirika, wanapita nyumba kwa nyumba na taka zinatengwa. Si mambo ya kuota.

Sasa kazi. Kabla ya kikao kijacho cha mtaa, kila balozi aandike nyumba zake: ni ngapi zinalipa ada, ngapi hazilipi, na gari limepita mara ngapi katika wiki nne. Wenye stakabadhi wazilete, hata zilizokunjika. Wenye hoteli na gereji waandikwe pembeni, pamoja na wanachokilipa. Tukienda kwa Diwani na maneno matupu atatupa chai na kuturudisha. Kina Mama watatu na Vijana wawili wanatakiwa kushika daftari hilo. Watakaojitolea wabaki nyuma wamwone Katibu wa Tawi, na hesabu tutaisoma hapa hapa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa kumi alasiri.