MANENO YA KATIBU WA TAWI, MASAGATI: WASTAAFU WA JESHI, MGAMBO WA KAGERA NA WAJANE WAO

*Haya niliyasema kwenye kikao cha wanachama. Wengi mlikuwa mashambani, kwa hiyo nayaweka hapa yalivyo. Mabalozi, tafadhali wasomeeni wasio na simu.*

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!



Kila tarehe 25 Julai nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Huwekwa mkuki, ngao na mashada ya maua, na waliolala huombewa. Ni jambo jema. Lakini mashujaa wengine bado tunaishi nao hapa hapa. Tunasalimiana nao njiani, na wengine wameacha wajane ambao hawajui waanzie wapi. Leo nazungumzia hao.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Jeshi letu peke yake halikutosha, likaongezewa maelfu ya mgambo na vijana wa JKT kutoka kila mkoa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengine hawakurudi, na wengi wao wamezikwa Kaboya, Muleba. Waliorudi walishika jembe. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ni mzee aliyepita 65. Tukichelewa, tutabaki kuwawekea mashada.

Ndugu zangu, watu hawa wako makundi matatu, na haki zao hazifanani. Tusiwachanganye.

*1. Wastaafu wanaolipwa pensheni.*
Pensheni ya Jeshi inalipwa na Hazina. Haitoki PSSSF, kwa hiyo mtu asipoteze nauli kwenda huko kuulizia. Mlango wa karibu ni Hazina Ndogo, Morogoro. Mwaka wa fedha 2015/16 kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilipanda kutoka kama shilingi 50,000 hadi 100,000 kwa mwezi. Hata tukipiga hesabu kwa 100,000 tu, mzee aliyekosa uhakiki akakaa miezi sita bila malipo amekaa bila shilingi 600,000. Hiyo ni mbegu, mbolea na ada ya mjukuu.

Kinachowakwamisha wengi ni majina. Jeshini aliandikwa jina moja, NIDA lingine, benki la tatu. Jambo hilo linarekebishika kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili. Lirekebishwe sasa, mzee mwenyewe akiwa hai na anaweza kusema “huyu ni mimi”.

*2. Wajane na watoto.*
Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mzee akifariki, kadi ya benki inabaki kwenye sanduku na mtu anaendelea kutoa hela. Ndugu, fedha ya pensheni inayoingia baada ya kifo ni ya Serikali, na itadaiwa. Toeni taarifa mapema, kisha fuateni stahili za familia kwa njia yake.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza cheti cha kifo cha RITA, kinachoshughulikiwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Ifakara. Pili, kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake uandikwe. Tatu, Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha msimamizi huyo. Ndani ya miezi minne anatakiwa kurudi mahakamani kuonyesha mali ilivyokusanywa na ilivyogawanywa.

Msimamizi si mrithi. Shemeji akiteuliwa kusimamia, hajapewa mali, amepewa kazi. Na mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi. Hakuna sheria inayomkataza. UWT, hili ni lenu. Kikao cha ukoo kikiitwa, mjane asiingie peke yake.

*3. Mgambo waliokwenda vitani wakarudi bila ajira ya Jeshi.*
Hapa sitawadanganya. Pensheni inafuata ajira na miaka ya utumishi. Aliyeitwa, akapigana, akarudishwa nyumbani, kwa utaratibu huo hana pensheni. Tawi halina uwezo wa kumpa, na mtu yeyote anayemwahidi anamwongopea.

Lakini hayuko nje ya kila kitu. Sera inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Jina lake linaanzia Serikali ya Kijiji na ustawi wa jamii. Kaya maskini hutambuliwa TASAF kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo mkutano ukiitwa, wazee hawa watajwe. Mwenye ulemavu wa vita ana fungu lake katika asilimia 10 ya mikopo ya Halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba.

Na dai lao la kutambuliwa ni la haki. Tulibebe sisi, kwa sauti ya Chama.

*Tulichokubaliana:*
– Kila balozi aandike wote walio kwenye shina lake: mstaafu, mgambo wa Kagera, mjane. Kwa mgambo aandike mwaka alioondoka, kikosi anachokikumbuka na shahidi aliye hai.
– Vijana wa UVCCM wenye simu nzuri wapige picha nyaraka za wazee na kumwachia mzee nakala. Karatasi halisi zibaki kwa mwenyewe.
– Orodha ya mgambo ipelekwe ngazi ya Kata, kisha kwa Diwani na Mbunge, ili swali lifike Wizara ya Ulinzi na JKT. Hatuahidi fedha. Tunaahidi kwamba swali litaulizwa, na jibu mtaletewa, liwe zuri au baya.
– Wenye pensheni tutawaunganisha na MUWAWATA, umoja wa wanajeshi wastaafu. Wanazijua njia hizi kuliko sisi.

Mawili ya mwisho. Mtu akija kuomba hela “ya kufuatilia faili” au namba ya siri ya benki, huyo ni kishoka. Mleteni kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Na orodha hii haiulizi kadi ya chama. Waliovuka Mto Kagera hawakuulizana kadi, na sisi tusianze leo. Mzee wa chama kingine aandikwe kama wa kwetu.

Barabara yetu ya Mlimba mnaijua masika inavyokuwa. Mabalozi, nileteeni orodha kabla mvua haijatufungia.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

*Katibu wa Tawi*
*Masagati*